Barazani Hapaandikwi Bei

Hoteli ilipofunga milango yake, wafanyakazi waliambiwa mshahara hakuna, kila mtu ajichukulie kitu. Wajanja walibeba magodoro. Mpishi alibeba friji, akaikodia mkokoteni mpaka kwao Mwabungo. Onesmus Mutinda, karani wa mapokezi, Mkamba wa watu aliyeishi Ukunda mpaka akasahau haraka za bara, yeye alichukua kompyuta. Mtaa mzima ulicheka. "Godoro angalau utalilalia," walimwambia. "Hiyo utaichemsha?"

Haikuchemshwa. Iliwekwa katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga nyuma ya soko, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikapewa heshima kuliko mgeni. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, watalii wameikimbia pwani, na kila uliyemwuliza "habari ya kazi?" alikutazama kama uliyemtukania mamake.

Mkewe Kahaso, binti wa Kiduruma kutoka upande wa Kinango, alikuwa amesomea kupiga taipu. Rafiki yao Quincy alifanya kazi na watu wa intaneti Mombasa, naye akawapa nafasi ndogo kwenye mashine zao, bure, kwa sharti wasimsumbue. Ndipo ikazaliwa Barazani.

Msifikirie kitu kikubwa. Ulikuwa ukurasa mmoja tu wa salamu. Mtu alipiga hodi, akakaa kwenye benchi, akasema anayetaka kumsalimu, Kahaso akaandika. Jioni Onesmus aliunganisha kompyuta na simu, akapiga Mombasa, akazituma. Waliokuwa Hamburg, Maskati na Nairobi walizisoma, wakajibu. Majibu yalichapwa kwa printa yenye makelele ya kinu cha kusaga mahindi, yakabandikwa ukutani nje ya mlango, na asiyejua kusoma akasomewa. Mwenye salamu alitoa shilingi kumi za simu. Asiye nazo alileta ndimu.

Hapakuwa na picha. Hapakuwa na wa kupandishwa juu wala wa kushushwa chini: aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kusomwa, awe chifu, awe mchunga mbuzi. Na hapakuwa na biashara. Mganga mmoja wa dawa za nguvu za kiume alileta tangazo lake, Kahaso akamrudishia kwa mikono miwili. "Babu, barazani watu huketi," alimwambia. "Kuuza ni sokoni, na soko ndilo hilo, unalisikia."

Basi watu waliketi. "Mimi Menza, niko Hamburg, kuna baridi ya kukata masikio. Namsalimu mama, namsalimu Chome na watoto wake wote, na yule mbuzi mweusi kama bado yupo." Baada ya siku tatu mama akajibu: "Tu wazima. Mbuzi tulimla Krismasi. Tulikukumbuka tukimla." Ukuta mzima ulikuwa hivyo, na watu wa Tiwi waliopita sokoni hawakurudi kwao bila kuusoma.

Lakini salamu hazijazi sufuria. Nyumba ile ililishwa na viazi karai vya Kahaso, alivyokaanga mlangoni kuanzia asubuhi. Jirani yao Bi Mejumaa alikuwa akipitisha samaki juu ya ua, akisema kwa sauti, "Ni wa mtoto!" Mtoto mwenyewe, Gillian, alikuwa na meno mawili. Kila mtu alijua samaki yule anakwenda wapi, na Onesmus alijua kuwa wanajua.

*

Bwana Japheth Thoya alifika siku ya Jumatatu, gari lake likaziba njia yote. Alikuwa mzaliwa wa Lunga Lunga, mtu wa kujitahidi, na wakati wengine walipokuwa wakifunga hoteli, yeye alikuwa amefungua yake kando ya barabara ya Diani, akaiita Mkilifi Gardens.

"Hodi hapa."

"Karibu, mzee. Shikamoo," akasema Onesmus, akifuta benchi kwa mkono.

"Marahaba." Hakuketi. "Nasikia mna kitu kinasomwa mpaka Ujerumani."

"Ni salamu tu, mzee."

"Watu wangapi wanasoma?"

"Hatujahesabu."

"Biashara gani hiyo bila kuhesabu?"

"Si biashara, mzee," akasema Kahaso kutoka kwenye karai. "Ni baraza."

Japheth akausogelea ukuta, akainua miwani, akasoma. Akaguna. "Nani atapoteza wakati wake kusoma habari ya mbuzi aliyeliwa?"

"Mwenye mbuzi," akajibu Kahaso.

Japheth akacheka, kwani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka tu, na haraka ikikaa sana kwa mtu hufanana na ubaya. Akamgeukia Onesmus. "Sikiliza, kijana. Ninafungua rasmi Jumamosi hii. Nataka mtu wa mawasiliano. Mshahara kila mwisho wa mwezi, pesa taslimu, si godoro. Chakula cha mchana juu yangu. Ninachotaka ni kimoja. Tangazo langu likae juu ya huo ukurasa wenu, juu kabisa, na lisishuke. Hao wenye mbuzi waje chini yake. Na salamu za watu wa maana zitangulie, meneja wa benki, watu wa aina hiyo. Mpangilio, kijana! Watu wanataka mpangilio."

Onesmus alimtazama mkewe. Kahaso aliinamia viazi vyake, akavigeuza kimoja kimoja, hata vile vilivyokuwa vimeiva.

"Nipe mpaka kesho, mzee."

"Kesho saa mbili. Uje umenyoa."

*

Hawakugombana kwa kelele. Kuta za Ukunda ni nyembamba, na Bi Mejumaa ana masikio mazuri.

"Leo juu atakaa mwenye hoteli," akasema Kahaso. "Kesho atakuja mwenye saruji, kesho kutwa yule babu na dawa zake. Mama yake Menza atatafuta jina la mwanawe chini ya dawa za kiume, Baba Gillian? Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mume wako amepata kazi."

"Sisi tunakula."

"Tunakula vyako." Onesmus alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa zamani. "Mama Gillian, mimi ni mtu mzima niliyekula samaki wa mtoto. Nimekula nikitazama chini. Naona haya. Naona haya mpaka nikipita sokoni natembea upande wa ukutani. Sikutaka kukuambia, lakini sasa nimekuambia."

Kahaso hakuwa amelijua hilo. Alidhani mumewe anapenda kivuli. Huruma ilimshika ghafla, akatamani kumkumbatia, ila mafuta ya viazi yalikuwa mikononi.

"Basi nenda," alisema. "Hilo tangazo nitaliandika mimi. Lakini nitaliandika kwa ajili yako. Si kwa ajili yake."

Onesmus akaenda. Akapewa tai ya kijani yenye mti wa mkilifi umedariziwa, na mtaa ukampokea na hongera toka kila mlango. Wale wale waliomcheka kwa kompyuta walimwita bosi. Bi Mejumaa alipiga kigelegele, na siku hiyo hakuleta samaki, kwa adabu tu. Onesmus alirudi nyumbani akipita katikati ya njia. Haya, semeni mnavyotaka juu ya tai, lakini mwanamume aliyekaa mwaka mzima bila kazi, akipewa moja, mgongo wake hunyooka wenyewe.

Alikuja na karatasi ya tangazo, akaiweka kando ya kompyuta, akarudi kazini kupanga viti.

Kahaso aliosha mikono, akaketi kuandika. Tangazo lilianza vizuri. *Bwana Japheth Thoya na jamaa yake ya Mkilifi Gardens wanawakaribisha nyote, pamoja na familia zenu, kwenye chakula cha mchana siku ya Jumamosi, saa saba. Kutakuwa na pilau, mbuzi wa kuchoma na vinywaji baridi. Njooni tufurahi pamoja.* Kwa kweli lilimlainisha moyo kidogo. Akasema moyoni, kumbe mzee huyu ana ubinadamu. Kisha akafika mstari wa mwisho: *Watu wazima shilingi mia nne, watoto nusu bei.*

Vidole vilisimama.

Kwao, mtu akiwaita watu kwa jina lake na jina la jamaa yake, akawataja na watoto wao, hao ni wageni wake. Atawalisha akose yeye. Kumwita mgeni kisha ukamtajia bei ya pilau, hata mwendawazimu hafanyi! Kahaso aliusoma mstari ule mara mbili tatu, akakata shauri kwamba ni kosa la karani wa hotelini, amechanganya mwaliko na karatasi ya vyakula. Ukitoka hivi mpaka Hamburg, mzee wa watu ataaibika dunia nzima. Naye ni bosi wa mume wake.

Akauruka mstari ule, hakuuandika. Akalifunika karai, akajisikia vyema, kama mtu aliyemfunga mwenzake kifungo kilichokuwa wazi. Jioni Onesmus alirudi amechoka, akalituma bila kulisoma, kwani alikuwa amelisoma ofisini mpaka amelikinai. Printa ikanguruma. Karatasi ikabandikwa juu kabisa, kama ilivyoagizwa.

*

Tangazo la kawaida watu hulipita. Hili lilikuwa Barazani, na mambo ya Barazani mtu huyasoma kwa sababu yanamhusu yeye. Mchuuzi wa nazi alilipeleka Tiwi kwa mdomo. Mwalimu mmoja alilinakili, akaondoka nalo kwenda Msambweni. Kufikia Alhamisi lilikuwa Lunga Lunga.

"Ni kweli, Mama Gillian?" watu walimwuliza Kahaso. "Ametualika sote?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Nyote, na familia zenu."

"Mungu amzidishie. Na hali hii ya sasa!"

"Watu husema matajiri hawana moyo," akasema Bi Mejumaa, na akapeleka leso yake nzuri ikapigwe pasi.

Wakaanza kujiandaa. Mkono mtupu haulambwi, na mtu mzima haendi karamuni akipunga mikono kama askari. Huyu akamfunga jogoo miguu, yule akachagua nazi, mwingine akatwanga mpunga wake. Onesmus hakujua lolote, maana wiki ile aliondoka alfajiri na kurudi jua limezama, akiwaza vitambaa vya meza.

*

Jumamosi Mkilifi Gardens ilipendeza, nisiseme uongo. Nyasi zilikuwa zimekatwa, meza zimevishwa vitambaa vyeupe, vijiko vimelala juu ya vitambaa vya mikono. Wageni waliofika ndani kufikia saa saba walikuwa wawili, Mzungu mmoja mzee anayeishi Diani na mbwa wake.

Langoni hali ilikuwa nyingine. Mlinzi Jacktone, kijana wa Siaya, alikuja mbio. "Onesmus, kuja uone. Watu wamejaa huko nje, na kila mmoja ananisalimia. Nitafukuza aje mtu ananiuliza kama mama yangu ako na afya?"

Japheth akatoka kwenye kivuli, akachungulia. Nje ya lango palikuwa na watu kama sitini, wanaume wa kofia, wanawake wa leso zilizopigwa pasi, watoto waliopakwa mafuta mpaka magoti yanameta. Jogoo mmoja akawika.

"Hao ni nani?"

"Nafikiri ni wageni wako, bosi."

"Wageni wangu wako na pesa. Hao wako na kuku! Kuku wa nini?"

"Hawakutaka kuja mikono mitupu."

Japheth akamnyang'anya mmoja wa wahudumu karatasi iliyokuwa imezunguka mpaka jikoni, akaisoma, akaipindua nyuma akitafuta. "Bei iko wapi? Nilikuandikia bei. Iko wapi bei yangu, kijana?"

Onesmus akaisoma. Alijua hapo hapo. Aliuona mkono wa mkewe mahali pale palipokuwa patupu, akajua hata alichokuwa akiwaza. Angeweza kusema ni yeye Kahaso. Hakusema.

"Ni kosa langu, bosi. Sikuisoma kabla ya kuituma."

"Kosa lako, basi lirekebishe. Nenda pale langoni uwaambie ni mia nne. Aliye nazo aingie, asiye nazo arudi alikotoka na kuku wake. Kwa heshima, lakini uwaambie." Japheth aliinua kidole. "Na ukishindwa, iache hiyo tai hapo kwa Jacktone, uende ukatafute mbuzi wa kuandika."

Kutoka pale kwenye meza mpaka langoni si mbali. Onesmus alitembea akiupanga usemi wake: *Ndugu zangu, kumekuwa na kosa dogo.* Hapana. *Ndugu zangu, kama mjuavyo, hoteli ni biashara.* Alikuwa akiutaka ule mshahara, jamani. Aliutaka kama mtu anavyotaka maji. Alifika, akafungua mdomo.

"Baba Gillian!" Bi Mejumaa alimtangulia. "Tazama ulivyopendeza! Tumekuja kwako, sisi."

"Shikamoo, mama," alisema Onesmus, kwani mbele ya Bi Mejumaa alisimama mwanamke mzee mfupi, ana jogoo kwapani na vumbi la safari ndefu kwenye miguu.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Kanze, natoka Lunga Lunga. Mwambie Japheth shangazi yake amefika. Nilimlea mimi, tangu hajui kufuta kamasi."

Onesmus akaona pa kupumulia. "Shangazi, wewe pita ndani. Nitakupeleka mwenyewe."

"Na hawa?"

Onesmus akaishika tai yake.

Shangazi Kanze akamhamisha jogoo kwapa la pili. Akatazama ndani kupitia kwenye nondo za lango, akaziona meza nyeupe, viti vitupu, Mzungu na mbwa. Akamtazama tena Onesmus usoni, akakaa akimtazama. "Nimekuja nao," akasema polepole. "Nitaingia nao."

Hakuna aliyesukuma. Hakuna aliyelalamika. Watu sitini walisimama juani wakingoja aliyewaita awapokee, watoto wakiambiwa wasikae chini wasije wakachafua nguo. Onesmus aliutafuta ule usemi wake, hakuuona. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema jambo lingine.

"Jamani, tumewahangaisha, mtusamehe. Karamu imehamishwa. Bwana Japheth ameona hapa ni padogo. Tunakula kwangu, Ukunda."

Padogo! Pale ndani ungeweza kuchunga ng'ombe arobaini na wasigusane pembe. Ulikuwa uongo wa mchana kweupe, na kila mtu alikuwa na macho. Mzee Shutu wa Tiwi akaanza kukohoa.

"Ni kweli," akasema Shangazi Kanze, akiitazama ile bustani kubwa. "Hapa ni padogo. Tungebanana."

"Na jua lenyewe hili," akasema Bi Mejumaa.

"Twendeni kwa Baba Gillian," wakasema wengine, wakageuka, wakajitwika vikapu vyao. Hakuna hata mmoja aliyetazama nyuma. Onesmus akaivua tai, akamkabidhi Jacktone, akamchukua jogoo wa Shangazi Kanze ampumzishe mkono.

*

Kahaso alikuwa akimnyonyesha Gillian mlangoni alipouona msafara ukipinda kona ya soko, mumewe mbele, shingo wazi bila tai, na jogoo kwapani.

"Baba Gillian! Ni nini tena?"

"Wageni wako, Mama Gillian. Uliwaalika wewe."

"Mimi?" Kisha akakumbuka. Mkono ukamwenda mdomoni. "Ile bei."

"Ile bei."

"Haikuwa kosa la karani?"

"Haikuwa kosa la karani."

Machozi yakamlenga Kahaso. "Nimekuharibia kazi. Nilidhani nasitiri mtu, kumbe nimekuharibia kazi yako, na ulivyokuwa umefurahi." Lakini Onesmus alikuwa ameanza kucheka. Alicheka mpaka jogoo akaogopa. Alikuwa hajacheka namna ile tangu hoteli ifungwe, na Kahaso, machozi bado machoni, akaambukizwa. Wageni waliwatazama wakasema hawa wana mapenzi.

Kucheka hakukai sana mahali penye watu sitini wenye njaa. Bi Mejumaa akatoa sufuria yake ya harusi. Jirani wa kushoto akatoa kuni, wa kulia akatoa mikeka. Mzee Shutu akawachinja kuku wote yeye mwenyewe, ili Mwislamu ale na Mkristo ale na asiye huyu wala yule ale. Wanawake walikaa juu ya mbuzi za kukunia, wakakuna nazi zile zile walizozileta, na mchele wa Msambweni ukachanganywa na mchele wa Tiwi. Onesmus aliteka maji. Alipita sokoni na mtungi begani, kila mtu akimwona, na wala hakukumbuka ukuta uko upande gani.

Ubaya mmoja tu: kila aliyekula alishukuru. "Mungu ambariki Bwana Japheth," walisema wakilamba vidole, kwa sauti, kwa makusudi, wala usingejua nani anasema kwa imani na nani anasema kwa adabu. Kahaso aliuma mdomo asicheke. Wachache walikwenda kwenye kompyuta, wakaketi kwenye benchi, wakataka kuandika salamu. Alimwandikia kila mtu kwa zamu yake.

*

Alasiri gari liliziba njia tena. Jacktone alikuwa amemwambia bosi wake habari za mwanamke wa Lunga Lunga, na Bwana Japheth Thoya alikuja akiwa amelowa jasho, pilau ya watu mia ikiwa imemganda hotelini. Alikuja na maneno mengi mdomoni. Alifika uani, watoto wakampigia makofi.

"Ahsante, Bwana Japheth!" walimwimbia, kama walivyofundishwa.

Shangazi Kanze alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha.

"Umechelewa, mwanangu," akasema. "Mwenye karamu huja wa kwanza. Haya, njoo unawe."

"Shikamoo, Shangazi," akasema Japheth kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Tulifika kule kwako. Kumbe ni padogo."

Japheth akamtazama Onesmus. Onesmus alikuwa amekwisha kuchukua birika na beseni, akapiga magoti mbele yake kama anavyofanyiwa mgeni yeyote, akammiminia maji. Japheth akanyoosha mikono.

"Hukuwaambia," alisema kwa kunong'ona.

"Nilishindwa, mzee."

Akakaa mkekani, suruali yake nzuri na yote. Akawekewa wali. Hakuula kwanza, alitazama. Alimtazama Mzee Shutu akizozana na mtu wa Msambweni juu ya nani aliyetangulia kwenye benchi. Aliutazama ukuta uliobandikwa salamu, jina lake juu kabisa, na wasomaji wamelipita zamani wako chini huko kwa mama yake Menza. Ile haraka yake ikamrudia, ila safari hii ilikuwa na unyonge ndani yake.

"Kijana, niuzie," alisema.

"Nikuuzie nini, mzee?"

"Hii. Hii Barazani yenu. Sitaigusa, nakuapia. Taja bei yoyote."

Onesmus aliweka birika chini. Msidhani alijibu papo hapo kama malaika. Alikuwa amekosa kazi tangu saa saba, na alifikiri kweli kweli. Kompyuta angeweza kuiuza, ilikuwa mbovu lakini ni kompyuta. Waya wa simu haukuwa wake. Jina lile mtu yeyote angeweza kulipaka rangi kwenye mlango wake. Akajaribu kutafuta kilichobaki cha kuuza, na kilichobaki kilikuwa kimekaa kwenye mikeka, kinachokonoa meno.

"Ningekuuzia, mzee," akasema, na alisema bila ubishi, karibu kwa masikitiko. "Lakini itabidi uwaulize mmoja mmoja."

Japheth akawatazama mmoja mmoja. Nao wakaacha kuchokonoa meno, wakamtazama. Bi Mejumaa akamtabasamia.

"Kula, mwanangu," akasema Shangazi Kanze, akimsogezea minofu ya jogoo aliyembeba tangu Lunga Lunga. "Wali unapoa."

Japheth akala.